Mpishe Mama Mkwe

Vita ya Waingereza na Wafaransa mimi nimeipigana. Niliipigana Gatina, gorofa ya tatu, nikiwa nimekalia mtungi wa maji umegeuzwa juu chini, na pazia mbele ya uso wangu. Tulishindwa. Na tulishindwa ju ya adabu, si ju ya uoga, wacha niiseme hiyo mapema ndio usinidharau.

Mimi naishi Kibera, Mashimoni, na nina kashamba kadogo huko Silanga, karibu na dam, penye natoa mboga ya sukuma ya kuuza. Msichana wangu ndiye aliolewa akaenda Kawangware, hapo Gatina. Bwana yake ni mtu wa ziwa, fundi wa mjengo, mabega kama kabati. Kwao na kwetu Kitui hakuna kitu zinafanana, ata ugali yao sisi tunaita jiwe. Lakini kuna mahali moja tumekutana: mama mkwe na mkwe hawaangaliani. Sisi Wakamba tunaita hiyo nthoni. Ni aibu, lakini si aibu ya mtu ameiba kuku, ni aibu ya heshima. Tukikutana njiani, mimi natupa leso kwa uso, yeye anageukia ua. Nikiingia kwa nyumba, yeye anatoka. Amekaa na msichana wangu miaka mingi, na ukiniuliza kama ana meno yote ya mbele, sijui.

Sasa huyu mtu akaanguka kwa mjengo. Mguu ikavunjika vibaya, hospitali wakamwekea chuma ndani, wakamrudisha nyumbani na magongo mbili na maneno mengi. Daktari alikuwa kijana anaongea haraka kama mtu anauza dawa ya panya. Msichana wangu alinirudishia hayo maneno kwa simu na mimi nikayashika na sauti yake yote: "Mzee, hii goti usipoitumia inaganda. Ikiganda, imeganda. Simama kila siku, kidogo kidogo, sawa sawa?" Sawa sawa. Mzee akafika nyumbani akalala, na hakusimama. Magongo yakaegemezwa kwa ukuta, msichana akaanza kuanika soksi hapo.

Na msichana naye anaoshea watu manyumba mbali na hapo, hawezi kosa kazi. Watoto wako shule. Mama ya mwanaume yuko kwao ziwani na amezeeka kuniliko. Nani atakaa na yeye mchana, amwekee chai, amwangalie? Msichana alinizunguka na maneno, mara mami hivi, mara mami vile, mpaka nikaona macho yake yameanza kujaa. Nikamwambia aweke pazia katikati ya nyumba, kitanda ibaki upande ule, jiko na mlango upande huu. Nitakaa upande wa jiko.

Wamama wa Mashimoni waliposikia, pale tunachota maji, waliniuliza, "Utakaa kwa nyumba ya mkwe? Weeewe?" Waliivuta hiyo wewe mpaka mtungi ukajaa. Nikawaambia sitakaa, nitakalia mtungi. Na ni ukweli, kwa sababu kiti ya mkwe sikukalia hata siku moja. Chakula yangu nilikula kwa korido kama mgeni wa jirani, na jua ikianza kushuka mimi nilikuwa nishafunga leso narudi kwangu.

Hivyo ndivyo tuliishi. Hatukuongea. Nikitaka kujua kama amekula, nilikuwa naambia pazia, "Pazia, uliza mwenye kitanda kama chai ilitosha." Nako upande wa pili inatoka sauti nzito, "Mwambie ilitosa." Basi. Hiyo pazia ilikuwa fupi, haikufika chini, na hapo chini nilikuwa naona ndala zake mbili zimepangwa kando ya kitanda. Kila asubuhi nikifika naangalia kwanza hizo ndala. Zilikuwa na vumbi kama viatu vya mtu amesafiri. Msichana alikuwa ananiuliza jioni kwa simu, "Amesimama?" Namwambia ndala zinakusalimia.

Kitu alikuwa anafanya huko ndani ni kubonyeza kompyuta. Ndugu yake mdogo alikuwa ameenda kutafuta kazi Uarabuni, akamwachia. Mimi nilikuwa nasikia tarumbeta, farasi, watu wanaimba kama kanisa ya zamani, halafu mwanaume mzima anashusha pumzi kama amepoteza ng'ombe. Siku moja ndugu akampigia simu. Nikamsikia anamwambia kwa uchungu kabisa, "Jesi yangu yote imemalizwa. Yote, bwana. Walinipata kwa mto."

Hapa lazima nieleze. Mkwe wangu ana kila kitu Mungu anapatia mwanaume isipokuwa ile herufi ya sh. Ikifika kwa meno yake inageuka s. Mimi nilijua anasema jezi, jezi za mpira. Nikakaa kwa mtungi nikimwonea huruma: mtu amevunjika mguu, na bado timu yake imeibiwa jezi mtoni, pengine zilikuwa zinaoshwa. Nikaambia pazia, "Pole ya jezi. Msiende kuoshea mtoni, huko kuna wezi."

Upande wa pili kitanda ikaanza kulia, kwii, kwii, kwii. Nilifikiria ni maumivu. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nyumba hiyo kusikia kicheko tangu aanguke. Akaambia pazia, "Mwambie ni jesi ya vita. Wanajesi. Askari."

Nikasema basi anionyeshe hao askari waliooshwa.

Nikatafuta stuli, nikaiweka chini ya pazia katikati, nusu kwake, nusu kwangu, kompyuta ikakaa hapo juu. Mimi nikiinama hivi naona kioo na vidole vyake, yeye anaona kioo na hii mikono yangu ya sukuma. Uso hakuna aliyeona ya mwingine. Nthoni ilibaki imekaa vizuri.

Ilikuwa gemu ya vita, na kwa kioo kulikuwa na ramani. Upande mmoja ni nyekundu, Waingereza, upande mwingine ni bluu, Wafaransa, na watu wadogo wenye panga wanatembea juu yake kama siafu. Ukibonyeza mtu, inakuja picha yake na maandishi. Sasa mimi sikusoma. Kwetu wasichana tulichunga mbuzi, na mbuzi hazina maandishi. Kwa hivyo kila barua ikiingia kwa gemu, ilibidi yeye anisomee. Mtu alikuwa anapitisha siku na maneno mawili, ilitosha na asante, akajipata anasoma kutoka asubuhi mpaka mchana. Alikuwa anasoma kama mtoto wa shule mbele ya mgeni wa heshima, sauti moja, bila kupumua. Mimi nikichoka nayo, nairudia barua na sauti ya mwenyewe.

Mfalme wa Wafaransa nilimpatia sauti ya mwenye ploti ya hapo Gatina, ule hupiga mlango na funguo. "Waingereza, mnahama ama hamhami?" Papa mtakatifu akawa katekista wetu, anayesema tuombe halafu anatangaza mambo ya choo. Askofu mmoja mnene nilimfanya yule kijana wa boda hunishusha pale chini: "Shosho, vita ni poa tu, shika hapo." Kitanda ilikuwa inalia kwii, kwii.

Nilitaka kujua hawa watu wanapigania nini. Akaniambia pole pole, akipitia kwa pazia. Mama ya mfalme wa Waingereza alizaliwa kwa Wafaransa, baba yake alikuwa mfalme huko. Wajomba wakakufa mmoja mmoja bila kuacha kijana. Sasa huyu mpwa anasema kiti ni yake, imepitia kwa mama. Wafaransa wanasema kiti haipitii kwa mwanamke, wakapatia binamu.

Mimi nikasema huyo kijana hana adabu. Kwa wajomba mtu anaenda kula, haendi na jeshi. Lakini hapo pia kwa kusema kiti haipitii kwa mwanamke, nikaona hao Wafaransa nao wanahitaji kuchapwa kidogo. Kwa hivyo nikaingia upande wa mkwe, wa Waingereza. Mkwe akawa mfalme. Mimi nikawa mama ya mfalme, kwa sababu bila mimi vita yenyewe haingekuwa. Nikampatia huyo mama sauti ya mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani, anaongea kama ana pipi kwa shavu. "Mwambieni mwanangu mfalme asisahau sweta, huko Ufaransa kuna baridi."

"Mwambieni mama mfalme ameivaa," anasema.

Ikawa hivyo kila siku. Tulichukua mji, tukapoteza mji. Stima ikipotea katikati ya vita, tulikaa kwa giza ya pazia tukibishana kama wapanda farasi wangepitia kushoto. Nilikuwa nafika asubuhi na haraka mpaka mwanamke wa jirani akaniuliza kama nimeandikwa kazi. Lakini ndala zilibaki na vumbi. Na siku ya kurudi kliniki ilikuwa inakuja. Daktari alikuwa amesema akirudi na goti haikunji, hana kitu ingine ya kufanya. Msichana wangu alikuwa ameacha kuniuliza. Akinipigia jioni ananiuliza sukuma imeuzwa, halafu ananyamaza, na mimi najua ananyamazia nini.

Sasa siku moja gemu ikaleta barua, na yeye akaanza kuisoma kabla ya kuiangalia. "Mfalme ametupwa na farasi akiwinda. Ameumia." Akaishia hapo.

Mimi mdomo yangu hukimbia mbele yangu. Nikatoa ile sauti ya pipi, nikasema, "Mwambieni mwanangu ainuke basi, farasi imechoka kumngoja."

Vidole vyake vikatoka kwa kioo. Halafu mkono ikarudi, ikafunga kompyuta, tap. Nikasikia anageuka kitandani akiangalia ukuta.

Nikachambua sukuma. Nilichambua ata ile ilikuwa imechambuliwa. Watu wa chini walikuwa wanapiga muziki, mtoto wa mtu alikuwa anakataa kuoga, anapiga kelele kama anachinjwa. Nilikuwa nafunga leso niende nikae kwa korido, ndio akaongea. Na hakuongea na pazia.

"Mama."

Nikasimama.

"Mimi sikuteleza. Watu wote wanasema niliteleza. Nilikuwa nimesimama mzuri kabisa. Mbao ndio ilitoka."

Halafu akaongeza, "Sasa nikifikiria kusimama, naona ni kama hiyo mbao."

Nimelea watoto, nimezika bwana, nimekaa na watu wengi wakilia. Lakini huyu, ningemwambia sakafu ya Gatina ni simiti? Anaijua, pengine yeye ndiye aliichanganya. Nikarudi nikakalia mtungi wangu. Nikasema na sauti yangu mwenyewe, "Pazia, mwambie nimesikia."

Tangu hiyo siku sikumtajia mguu tena. Msichana nikamwambia na yeye asimtajie. Asubuhi yake nikakuta kompyuta iko kwa stuli, imefunguliwa, mfalme amepakwa dawa, anatawala akiwa amelala. Hakuna aliyemcheka. Tukaendelea.

Kwa gemu miaka inaisha kama sabuni. Mke wa mfalme akakufa na tauni, masikini, na jeshi zikachoka pande zote mbili, wakaweka silaha chini kidogo. Mimi nikaona hapa ni pa kuoa. Mfalme wa Wafaransa alikuwa na msichana. Nikauliza si huyo ni wa ukoo, mkwe akasema wazungu hawajali. Tukaposa. Na wao hawakuitisha mbuzi ata moja. Walipeana msichana na wakaongeza mji juu yake, mpaka nikauliza kama huyo msichana ana kasoro tumefichwa. Hana. Ndivyo wanafanya huko. Nikasema wangekuja Kitui wangelia wakihesabu mbuzi wamekosa.

Tukakaa kwa amani, mpaka mzee wa Wafaransa akakufa. Kiti ikaenda kwa kijana wake mdogo, mtoto wa kunyonya, na mama yake ndiye anashikilia. Kiti haipitii kwa mwanamke, lakini kukalia ikiwa moto wanaruhusiwa. Huyo mama akaanza vita upya. Alitaka ule mji wake arudishiwe.

Mkwe alikuwa tayari. Alipanga jeshi yetu yote kwa daraja moja, mbele ya mto. Akanionyesha na kidole: hapa lazima wapitie, hakuna njia ingine, na wakifika kwa daraja wanakuwa wembamba, tunawamaliza. Sauti yake ilikuwa imerudi ile ya fundi anayeelekeza watu kwa mjengo. Nikaona siafu za bluu zinashuka na barabara, na bendera mbele. Nikauliza hiyo bendera ni ya nani.

"Ya huyo malkia. Mama ya mtoto."

Nikafikiria. Nikauliza tena, pole pole, "Huyo msichana tulioa, mama yake ni nani?"

Akabonyeza picha ya msichana. "Ni yeye."

"Mpishe."

"Mama?"

"Huyo ni mama mkwe wako. Utasimama kwa daraja muangaliane na mama mkwe? Toa watu wako njiani. Mpishe apite."

"Mama, tukitoka hapo tunasindwa. Vita yote inaisa."

"Iishe," nikasema, na hiyo haikuwa sauti ya pipi, ilikuwa yangu. Sikuwa nacheza. Mpaka leo nikifikiria, sioni venye ningesema kitu ingine. Ningemwangalia mtu akizuia mama mkwe njia, na mimi nimekaa hapo nyuma ya pazia yake?

Vidole vyake vilikaa juu ya kioo. Kisha nikaona siafu zetu nyekundu zinageuka, zinaacha barabara, zinaingia kwa msitu, zote, na farasi na bendera na wazee. Ni kama zilikuwa zimefunika uso na leso. Huyo mama na jeshi yake akapita katikati ya daraja bila kuguswa. Akaenda moja kwa moja, akachukua mji wa kwanza, akachukua wa pili, akachukua ule wetu mkubwa wa divai. Kila mahali ikawa bluu. Barua ikaingia na mkwe akaisoma na sauti yake ya shule, "Vita imeisa. Waingereza wamesindwa."

Nikasema, "Lakini ameenda akijua ameoza msichana wake kwa watu wenye adabu."

Hapo ndipo alikufa na kicheko. Kitanda haikulia kwii, ilipiga ukuta, gu, gu, gu, mpaka mwanamke wa jirani akapiga ukuta pia akiuliza kama kuna mtu anauawa. Alicheka akajishika mbavu, akajigeuza, na mimi nikiwa nacheka nimeinama hivi, nikaona chini ya pazia mguu inashuka. Ule mzuri kwanza. Halafu ule mwingine, wa chuma, mwembamba kuliko mwenzake, kovu refu pembeni. Kidole kikubwa ikagusa sakafu. Ikajikunja kidogo kama mtu ameingiza mguu kwa maji baridi. Ikakaa.

Sijui kama yeye alijua. Niliinuka nikaenda kuangalia chai ambayo haikuwa kwa moto.

Kutoka hapo akicheza, miguu ilikuwa chini. Siku ingine nikakuta soksi zimehamishwa kutoka kwa magongo. Siku ingine ndala moja imeangalia huku, nyingine imeangalia kule. Nikaona, nikanyamaza, na watu wanaonijua wakisikia nilinyamaza watasema nilikuwa mgonjwa. Tulianza vita mpya, Wareno na watu gani sijui, lakini yeye alikuwa anasoma haraka haraka akiwa na mambo mengine kwa kichwa.

Halafu asubuhi moja, kabla siku ya kliniki ifike, nilipanda ngazi za Gatina na mzigo wangu wa sukuma kichwani. Nikafika gorofa ya tatu, nikaingia kwa korido. Korido yenyewe ni nyembamba, nguo za watu zimeanikwa pande zote, mtungi huku, jiko kule. Na hapo katikati alikuwa mwanaume mkubwa amesimama.

Hakuwa amelala. Hakuwa ameketi. Magongo chini ya makwapa, shati imelowa jasho mgongoni, anapumua kama aliyebeba saruji.

Nikatupa leso kwa uso, mzigo ukaanza kuyumba. Nilitaka kurudi nyuma kwa ngazi nimpishe, ju nilifikiria, huyu nikimshtua ataanguka, na akianguka tena haamki. Lakini nikasikia gongo, ko, halafu ile ingine, ko. Anajisogeza. Alijisogeza pole pole mpaka bega lake likaguza ukuta, akageuza uso akaangalia simiti, akajifinya hapo kati ya suruali za watu na mashuka, ile mwili yote, akaacha njia.

"Pita, Mama," akaambia ukuta. "Jesi imetoka njiani."

Nikapita. Niliangalia chini, ndio adabu, na chini niliona ndala mbili, hazina vumbi, na miguu ndani yake. Sikusimama, sikumwangalia, sikumwambia kitu, kwa sababu ndivyo inatakiwa. Nikaingia kwa nyumba nikasimama nyuma ya mlango na mzigo bado kichwani, nikisikiliza. Ko, ko, mpaka mwisho wa korido. Akakaa kidogo. Halafu ngazi. Ko. Kimya. Ko. Nilisikia kijana wa boda huko chini akipiga mluzi, halafu watu wengi wanaongea pamoja.

Hapo ndipo nikajua kazi yangu Gatina imeisha. Mtu akiwa na miguu, mama mkwe akiingia, anatoka. Nilifurahi na niliudhika, zote mbili, na sikujua nianze na gani.

Nikaweka sukuma chini. Kitanda ilikuwa imetandikwa. Nikafungua pazia, na haikuwa inaficha mtu. Nilipoishika nikaona venye imekuwa, chini hapo kwa stuli: upande wangu kijani ya mboga, upande wake weusi wa vidole vyake. Nikaitoa kwa kamba, nikaweka maji kwa karai, nikaifua.